Shazia

Kazi yangu ni kufunga midomo.
Gunia likijaa pale mashineni Ipinda
Mwaijande hulipiga teke la ubavu, punje zikae,
hulijaza tena mpaka liote kilemba,
nami naingiza shazia na uzi wa katani:
mishono kumi na miwili, fundo,
mate kidoleni, lije jingine.

Tumboni limechapwa wino wa kijani:
MCHELE WA KYELA. DARAJA LA KWANZA.
Sikujua kwamba jina lina bei
hadi nilipomwona mtu akilinunua tupu.

Alikuja mwezi wa nne, katika mvua ile yetu
inayokaa kama shemeji aliyeonja pilau.
Alivaa buti safi.
Buti safi, Kyela, mwezi wa nne!
Akaulizia magunia.
Nikamwambia mzigo umekwisha, kaka,
mpunga ungali majarubani, mama zetu wanaamia ndege,
rudi mwezi wa sita.
Akacheka kwa upole, kama daktari:
"Mzigo ninao, dada.
Nimekosa shati tu la kuuvisha."

Nilikuwa na thelathini, yamekunjwa nyuma ya mizani.
Elfu na mia tano kila moja.
Hesabu nilifanya haraka kuliko dhamiri.
Jioni nilinunua sabuni, mafuta ya taa
na unga wa sembe,
kwa kuwa mwezi wa nne
sisi wenye mchele tunakula ugali.

Wasiopajua kwetu, niwaambie hivi:
huku chungu hakitunzi siri.
Ukiinjika tu, kabla maji hayajakauka,
mtoto wa jirani amekwisha fika mlangoni
kuulizia kitu ambacho hakikupotea.
Mama yangu, Tusekile, humjibu bila kugeuka:
"Nawa mikono."
Ukimnyima mtu, harufu itakwenda kukushtaki
mpaka ng'ambo ya mto Mbaka.

Basi, mwezi wa tano, usiku,
Andengulile akapiga simu kutoka Dar.
"Dada, leo nimeona gunia letu Mbagala,
wino ule ule wa kijani.
Nimelipa bila kupunguziwa, nilivyofurahi.
Ila mdomoni lilikuwa na mishono saba,
ya haraka haraka. Ulikuwa unaumwa?"

Nikanyamaza.

"Nimepika. Nikafungua mlango, na dirisha,
ili majirani wasikie.
Nimekaa.
Hakuja mtu."

Nilisema mtandao unakatakata.
Haukuwa unakatakata.

Mwezi wa sita mpunga ulishuka,
mashine ikaanza kukohoa vumbi lake la dhahabu,
nywele zetu zote zikazeeka kwa siku moja.
Mama alileta debe lake mwenyewe, likakobolewa polepole,
akasimama juu ya chekeche kama askari wa mpakani
akiokota chenga, akiokota jiwe,
akisema na zile punje Kinyakyusa.
Hakutaka gunia.
Alivua foronya kitandani kwake,
ile ya maua mekundu aliyoidarizi alipoolewa,
ua moja limechujuka pale lilipo shavu lake.

Nikaujaza. Nikaufunga kwa shazia,
mishono kumi na miwili, nikihesabu kwa sauti.

Kule stendi kondakta aliupokea kwa mikono miwili,
akausogeza puani, akafumba macho.
Foronya haikuandikwa kitu.
"Jamani," akasema, "huu unakwenda kwa nani
nami niwe ndugu yake?"
Akauweka mbele, karibu na dereva,
siyo kule chini na vitunguu vya watu.

Nikalipa nauli ya mzigo, elfu tano,
zikiwemo noti mbili za yule mtu wa buti
ambazo tangu masika
sikujua nizipeleke wapi.